Mwongozo kamili: Kusoma alama za Kigiriki na Kirumi katika michoro ya mapambo ya karne ya 18

Ukiingia kwenye makusanyo ya mtandaoni ya makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani na kutafuta michoro ya mapambo iliyochapwa kati ya 1760 na 1815, utakutana na karatasi nyingi zinazofanana mno. Wino mweusi, karatasi iliyogeuka rangi kwa umri, na juu yake majani yanayojiviringa, mafuvu ya ng'ombe, vinubi, mienge, makoja ya maua na wanyama wenye mabawa. Hakuna mandhari wala kisa. Karatasi hizi hazikuchapwa ili zitundikwe ukutani. Zilikuwa vielelezo vya kazi: msanii alibuni, mchongaji akahamishia kwenye bamba la shaba, nakala zikauzwa kwa mafundi lipu, maseremala, wafua fedha na wenye nyumba, kila mmoja akachukua kipande kinachomfaa.

Anayezitazama mara ya kwanza hushika orodha ya alama na kutafsiri kila jani. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupotea. Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: alama ikiwa peke yake ichukulie kuwa pambo, zikikutana tatu za nyumba moja, yaani za mungu au mada ileile, ndipo useme mchoro unasema jambo. Hatua zote zinazofuata zinakusaidia kufika hapo.

Hatua ya 1: Pata picha kubwa na safi

Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua picha za kazi zake zisizo na hakimiliki mwaka 2017, na unaweza kuzipakua bure. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo ina hazina kubwa, na maktaba ya taifa ya Ufaransa ina tovuti yake ya Gallica. Tafuta kwa jina la msanii, kwa sababu maelezo ya mada hutofautiana kutoka makumbusho hadi makumbusho. Anza na Giovanni Battista Piranesi wa Roma, Robert Adam na Michelangelo Pergolesi wa London, Jean-Charles Delafosse na Henri Salembier wa Paris, kisha Charles Percier na Pierre Fontaine, waliompambia Napoleon majumba yake.

Pakua faili kubwa kuliko zote. Kwenye picha ndogo nyoka wawili huonekana mmoja, na utaona baadaye kwamba kosa hilo linageuza maana yote.

Hatua ya 2: Anzia chini, kwenye maandishi

Kabla ya kutazama mapambo, soma herufi ndogo zilizo ukingoni mwa chini. Jina lenye *inv.* ni la aliyebuni. *Del.* ni aliyechora kwa mkono. *Sc.* au *sculp.* ni aliyechonga bamba, *fec.* ni aliyefanya kazi yenyewe, na *exc.* ni mchapishaji, mwenye mabamba na duka. Mara nyingi watu hawa ni tofauti, kwa hiyo usimsifu mchongaji kwa ubunifu usio wake.

Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1735 ya kuwalinda wachongaji dhidi ya wizi wa kazi zao, nayo ilitaka bamba liwe na jina la mwenye mali na tarehe ya kutolewa. Ndiyo maana michoro ya London hukupa hata siku na mwezi. Ya Paris mara nyingi huandika *A.P.D.R.*, yaani imetolewa kwa idhini ya mfalme. Ukiona herufi hizo jua bamba lilichongwa wakati ufalme bado umesimama.

Angalia pia pembe za juu. Herufi au namba pale ina maana karatasi ni sehemu ya seti. Itafute karatasi ya kwanza ya seti hiyo, kwani huko ndiko kichwa cha habari kilipo. Ikisema hii ni seti ya majira manne ya mwaka, nusu ya kazi yako imekwisha.

Hatua ya 3: Hakikisha ni Uklasiki Mpya kweli

Uklasiki Mpya, mtindo wa karne ya 18 ulioiga Ugiriki na Roma za kale, ulitoka ardhini, tena kwa majembe. Uchimbaji wa Herculaneum, karibu na Napoli, ulianza mwaka 1738, na wa Pompeii mwaka 1748. Kuanzia 1757 ikulu ya Napoli ikawa inatoa majuzuu makubwa ya michoro ya vitu vilivyofukuliwa. Mwaka 1762 James Stuart na Nicholas Revett wakachapisha vipimo vya majengo ya kale ya Athens, na 1764 Robert Adam akatoa michoro ya kasri la Kaisari Diocletianus huko Split. Ghafla fundi wa London au Paris akawa na vielelezo vilivyopimwa kwa futi na inchi, akaacha kubahatisha ukale.

Mtindo uliotangulia, rokoko, ulipenda makombe ya bahari, miamba, na mistari inayopinda bila kujali ulinganifu. Uklasiki Mpya unapenda mstari ulionyooka, duara, mstatili, na kushoto kulingane na kulia. Kwa hiyo pande mbili zikikataa kufanana, shuku rokoko.

Shuku, usihukumu. Wachoraji walikuwa na ujanja wa kibiashara: kwenye bamba moja walichora nusu mbili tofauti za kitu kimoja, ili mteja achague ya kushoto au ya kulia. Meko, yaani fremu iliyopambwa ya mahali pa kuota moto ukutani, inaweza kuwa na mguu wenye kichwa cha kondoo dume upande mmoja na sfinksi, simba mwenye kichwa cha binadamu, upande wa pili. Kupima ni rahisi. Kata picha katikati kwa programu yoyote ya simu, geuza nusu moja kama kwenye kioo, iunganishe na nakala yake. Ikitoka meko kamili iliyotulia, ulikuwa mbele ya chaguo mbili, na kila nusu isomwe peke yake. Ukiziunganisha alama za nusu zote mbili kwenye maelezo yako, utakuwa umebuni ujumbe ambao mchoraji hakuwahi kuuwaza.

Kuna dalili za kukusaidia kukisia miaka pia. Mafungu ya fimbo yenye shoka katikati, waliyobeba walinzi wa mahakimu wa Roma, yakiandamana na kofia laini ya watumwa walioachwa huru, ni lugha ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na baada yake. Nyuki, tai na herufi N ndani ya taji ni Napoleon, aliyejitawaza 1804. Nyuki aliwaazima kutoka kwenye kaburi la mfalme Childeric, lililofunuliwa Tournai mwaka 1653 likiwa na vijinyuki vya dhahabu. Lakini mapambo ya Misri yasikudanganye kuwa lazima yawe ya baada ya vita vya Napoleon kule Misri mwaka 1798. Piranesi alichapisha kitabu chake cha meko mwaka 1769 kikiwa tayari na miungu ya Misri, pamoja na kuta alizobuni kwa ajili ya mkahawa wa Waingereza mjini Roma.

Hatua ya 4: Tenga pindo na mji

Mchoro wa ukuta au dari unagawanyika kama kanga: kuna pindo linalozunguka na mji ulio katikati. Maana hukaa mjini. Pindoni kuna mdundo tu.

Kwenye pindo utakuta mstari unaojikunja kwa kona za mraba, mawimbi yanayofukuzana, mayai yaliyopishana na ncha za mishale, shanga, na kuti lililofunguka kama kiganja ambalo Wagiriki walilichonga kwenye hekalu la Erechtheion. Wapo wanaosema yai ni uhai na mshale ni kifo. Ni maelezo matamu, ila fundi aliyechonga mita 40 za mayai kuzunguka dari hakuwa anahubiri. Yaandike kwa jina, upite.

Jani la akantho, lile pana lenye kingo zilizochanika, nalo liko kila mahali mpaka limepoteza sauti. Kisa chake kinafaa kujulikana hata hivyo. Vitruvius, msanifu wa Kirumi, anaeleza kwamba binti mmoja wa Korintho alifariki, yaya wake akaweka vitu alivyovipenda ndani ya kikapu juu ya kaburi na kukifunika kwa kigae. Kikapu kikawa kimekaa juu ya mzizi wa akantho. Masika yalipofika majani yakachipua, yakapanda kuzunguka kikapu, yakagonga kigae na kujikunja nje. Mchongaji Callimachus akapita, akaona, ndipo kikazaliwa kichwa cha nguzo ya Kikorintho. Ukiliona akantho linapanda kuzunguka kikapu chenye kigae, hapo msanii anakumbusha kisa hicho. Likiwa linaviringika tu pembeni, ni jani.

Katikati ya paneli ndefu tazama mhimili. Mara nyingi ni kinara cha taa kilichorefushwa, vitu vikipandana juu yake: chombo, sinia, uso, ndege, chombo tena. Muundo huu ulitoka kwenye kuta za jumba la Kaisari Nero lililofukiwa Roma, mchoraji Raphael na wanafunzi wake wakauleta upya kwenye baraza za Vatikani, na karne ya 18 ikaupokea kutoka kwao. Soma mhimili kuanzia chini kwenda juu. Kitu kilicho kwenye medali ya katikati, yaani fremu ya duara au ya yai, ndicho kichwa cha habari.

Hatua ya 5: Orodhesha vitu kwanza, maana baadaye

Chukua daftari uandike unachokiona kwa maneno ya kawaida. "Fimbo yenye tunda la msonobari kichwani", usiandike "Bacchus". "Mwenge unaoelekea chini", usiandike "kifo". Nidhamu hii inachosha, lakini inakuzuia kuona unachotaka kuona.

Orodha ikishakamilika, ipange kwa nyumba za miungu. Kila mungu wa Kirumi alikuwa na mti wake, mnyama wake na vyombo vyake. Bacchus, mungu wa mvinyo, ana mzabibu, majani ya ivi, chui, matari, vikombe, nyuso za masatiri wenye masikio ya mbuzi, na ile fimbo ya msonobari iitwayo thirso. Apollo, mungu wa muziki na jua, ana kinubi, mlaureli, uso wa jua wenye miale, na kigoda cha shaba cha miguu mitatu, kumbukumbu ya kuhani wa kike wa hekalu lake la Delphi, Ugiriki, aliyekaa juu yake akitabiri. Grifini, yule simba mwenye kichwa na mabawa ya tai, naye ni wa Apollo. Wachoraji walimnakili sana kutoka hekalu la Antoninus na Faustina mjini Roma, la mwaka 141, ambako grifini wanatazamana wawili wawili kwenye ukanda wa juu.

Venus, mungu wa kike wa mapenzi, ana njiwa, waridi, mhadasi, pomboo, pamoja na upinde na podo la mwanawe Cupid. Ceres wa mavuno ana masuke ya ngano na mundu. Jupiter, mfalme wa miungu, ana tai, radi na mwaloni. Neptunus wa bahari utamjua kwa mkuki wa ncha tatu, shujaa Hercules kwa rungu na ngozi ya simba, Mars wa vita kwa silaha zilizorundikwa. Minerva ana mzaituni, kofia ya vita, kichwa cha Medusa mwenye nywele za nyoka kwenye ngao, na bundi. Huyu bundi ndiye anayewakwaza wasomaji wa kwetu. Hapa hajaleta habari ya msiba wala uchawi, ni ndege wa hekima na yuko mahali pake juu ya rafu ya vitabu.

Sasa tumia ile kanuni ya vitatu. Zabibu peke yake ni tunda. Zabibu, thirso na matari ni Bacchus, andika bila wasiwasi. Lakini kabla ya kufunga hesabu, jiulize kama hutazami seti ya vinne. Maua, masuke, zabibu na chungu cha moto ni majira manne ya mwaka, wala si mkutano wa miungu. Karne ile ilipenda vinne: majira, elementi za dunia (moto, maji, hewa na ardhi), mabara. Delafosse alitoa kitabu mwaka 1768 chenye vinne hivyo.

Hatua ya 6: Uliza pambo lilikuwa la wapi

Kitu kilekile hubadilika kazi kikihama chumba. Robert Adam aliandika kwamba vyumba vya kulia chakula vya Waingereza havifunikwi kuta kwa vitambaa, bali hupigwa lipu na kupambwa kwa sanamu na picha, ili visibaki na harufu ya chakula. Kwa hiyo mzabibu wa lipu kwenye chumba hicho una sababu mbili: mvinyo wa Bacchus mezani, na pua za wageni. Kinubi ni cha chumba cha muziki. Podo la Cupid ni la chumba cha kulala.

Meko ilipenda vitu vya kafara: mafuvu ya ng'ombe, vichwa vya kondoo dume, masinia ya duara ya kumiminia mvinyo madhabahuni, na makoja yaliyoning'inizwa kati ya fuvu na fuvu. Kwa Warumi fuvu lilikuwa mabaki ya mnyama aliyetolewa hekaluni, na meko ni mahali pa moto. Kulisoma fuvu hilo kama onyo la mauti ni kulichanganya na mafuvu ya binadamu ya michoro ya Kikristo ya zamani zaidi.

Kaburi ndilo lenye lugha yake hasa. Mwenge uliogeuzwa chini ni uhai uliozimwa, na mwandishi Mjerumani Lessing aliutetea kwa kitabu mwaka 1769 akisema watu wa kale walimchora Mauti kama kijana mwenye mwenge wa namna hiyo, si kama mifupa. Vitumba vya mpopi, mmea wa afyuni, ni usingizi. Kipepeo ni roho, nyoka anayeuma mkia wake ni umilele. Chombo chenye mfuniko na kitambaa kilichotupiwa juu yake kinakamilisha maombolezo. Ukikuta chombo chenye umbo hilohilo juu ya kiguzo pembeni ya meza ya chakula, usilie. Vyombo vile viliwekewa maji au visu.

Hatua ya 7: Pambanua wanaofanana

Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Mercurius, mungu wa biashara na safari. Fimbo yenye nyoka mmoja, bila mabawa, ni ya Aesculapius wa tiba. Nembo ya Shirika la Afya Duniani ina nyoka mmoja, sawasawa. Kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kilichukua ile ya nyoka wawili mwaka 1902, na tangu hapo mkanganyiko umeenea. Katika mchoro wa 1775 nyoka wawili karibu na nanga na marobota ni bandari na biashara, wala si hospitali.

Mataji ya majani hutambulika kwa tunda kuliko kwa jani. Mwaloni una jani lenye mawimbi kingoni na njugu ndani ya kikombe. Hili ndilo taji la Mrumi aliyeokoa maisha ya raia mwenzake. Mzaituni una jani jembamba na tunda la mviringo mrefu, mlaureli una jani pana kidogo lenye ncha na tunda dogo la duara. Ikiwa mchongaji hakuweka tunda lolote, andika "taji la majani" uache hivyo.

Sfinksi mwenye mabawa na kifua cha mwanamke ni wa Kigiriki. Aliyelala bila mabawa, amevaa kitambaa cha kichwa cha mafarao, ni wa Misri.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mfano mgumu, Afrika

Fanya zoezi hili kabla ya kujiamini. Katika seti za mabara manne tafuta karatasi ya Afrika. Kanuni waliyoifuata wachoraji wengi iliandikwa na Mtaliano Cesare Ripa. Kitabu chake cha mifano ya dhana kilitoka 1593, na toleo la 1603 likaongezwa picha. Afrika kwa Ripa ni mwanamke mweusi mwenye nywele za kipilipili, karibu uchi. Kichwani amevaa kichwa cha tembo kama kofia, shingoni ana marijani, mkono mmoja ameshika nge, na mwingine pembe ya neema iliyojaa masuke. Kando yake yuko simba, na nyoka upande wa pili.

Pitisha orodha hii kwenye hatua zako. Katika michoro ya mapambo mwanamke mwenyewe anaweza kuondolewa, vikabaki vitu vyake vimefungwa pamoja kwa utepe. Ukiona simba peke yake utadhani Hercules. Masuke peke yake, Ceres. Nyoka peke yake, tiba. Tembo, nge na masuke kwa pamoja ndio ushahidi wako wa vitatu.

Sasa uliza masuke yametoka wapi, maana ngano si kitu cha kwanza ambacho mtu wa Kilwa au Bukoba angechagua kuitambulisha nchi yake. Jibu liko kwenye sarafu. Kaisari Hadrianus, katika karne ya 2, alitoa sarafu zenye mwanamke aliyeegemea, amevaa kichwa cha tembo, ameshika nge. Kwa Warumi jina Afrika lilikuwa la jimbo lao lililozunguka Carthage, Tunisia ya leo, na jimbo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoilisha Roma kwa meli za ngano. Ripa alinakili sarafu, wachoraji wakamnakili Ripa, na alama ya jimbo moja ikawa alama ya bara zima. Wareno walikuwa wamefika Mombasa na Malindi tangu 1498, kwa hiyo habari za pwani hii zilikuwepo Ulaya kwa zaidi ya miaka 250 wakati Delafosse anatoa kitabu chake. Hazikuweza kuing'oa sarafu ya Hadrianus.

Hatua ya 9: Andika maelezo yako

Fuata mpangilio huu: nani alibuni na nani alichonga, mji na mwaka, karatasi ni ya seti gani, pambo lilikuwa la kitu gani, kisha alama za mjini, mwisho pindo kwa sentensi moja. Pale penye ushahidi wa vitatu sema "inaonyesha", penye viwili sema "huenda", penye kimoja taja kitu bila kukitafsiri. Kwa mfano: "Paneli ya ukuta wa chumba cha kulia. Mhimili wa kinara cha taa, na kwenye medali ya katikati uso wa satiri. Chini thirso mbili zilizopishana na matari, pembeni mzabibu: inaonyesha Bacchus. Grifini wawili juu. Pindo la mayai na mishale."

Ukiandika maelezo ya karatasi kumi za msanii mmoja kwa namna hiyo, zitandaze pamoja utafute kitu anachokirudia bila kujali mada. Chochote anachokibandika kwenye Bacchus na Apollo na kaburi kwa usawa ni mazoea ya mkono wake. Rudi ukifute kwenye orodha ya alama.